Kabla ya Kutafuta Gari la Taka
Mwongozo wa ubia wa usafi kwa Maguu na mwambao wa Nyasa

Mwongozo huu ni wako ikiwa wewe ni mjumbe wa serikali ya kijiji, kiongozi wa kikundi cha vijana au cha kina mama, au mfanyabiashara wa Maguu uliyechoka kuona gulio likiisha na mabaki yake yakisukumiwa korongoni. Mazungumzo ya usafi huku kwetu huanza na swali moja: gari tutalipata wapi? Hilo ni swali la mwisho. Kabla yake yapo mawili: taka zitaishia wapi, na nani atalipa kila mwezi, hata ule mwezi ambao kahawa haijauzwa.

KWA NINI UBIA

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 imezitwika serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu. Ukiingia ubia na kikundi, wajibu huo hauhami. Kinachohama ni kazi ya kuzoa. Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga inabaki na sheria ndogo, ukaguzi na suala la dampo. Kijiji kinamsimamia mzoaji kila siku kwa kuwa ndicho kilicho karibu naye. Mwenye duka analipa na kutenganisha. Ukimsikia kiongozi akisema "taka tumeshawapa vijana", mwulize ni kipi alichowapa na ni kipi kilichobaki mkononi mwake. Asipojua, ubia huo utavunjika.

Umatengo, milima yetu hii ya Mbinga, ni nchi ya miteremko. Wazee waliijua mvua yake, ndiyo maana wakalima ngoro, mashimo yanayoyashika maji yasiondoke na udongo. Taka hazina ngoro. Chupa iliyotupwa korongoni kiangazi inachukuliwa na mvua za kwanza. Vijito vingi vya upande huu huishia Ziwa Nyasa, na ziwa hilo lina mto mmoja tu wa kutokea, Shire, huko Malawi. Kinachoingia hakina haraka ya kutoka. Anayekula usipa, dagaa wa ziwa hilo, huko Mbamba Bay mwambaoni ana haki ya kuuliza Maguu inatupa nini.

Tuna funzo la karibu, nalo ni Dar es Salaam. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilipeleka jiji mahakamani kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo, wakashinda. Jiji likajaribu kupeleka taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, wakashinda. Mwaka 1994 kampuni ya Multinet Africa ikapewa kata za katikati ya jiji izoe taka na kukusanya ada yenyewe kwa wateja. Wengi hawakulipa. Miaka michache baadaye jiji likagawa kazi kwa makampuni mengi, vikiwemo vikundi vya wananchi, kila moja na eneo lake. Angalia kilichokwamisha mambo: kwanza dampo, pili fedha. Magari yangeweza kununuliwa.

HATUA YA 1: PIMA TAKA ZAKO

Usikopi makadirio ya mjini. Omba mizani ya chama cha msingi cha kahawa wakati haina kazi, tafuta salfeti, na pimeni siku moja ya gulio na siku moja ya kawaida. Rudieni mara nne, na ikiwezekana mara moja ndani ya msimu wa kahawa. Gaweni mafungu manne:

1. Zinazooza: maganda ya ndizi, mabua, majani ya mboga, mabaki ya mama lishe, maganda ya kahawa.
2. Zinazouzika: vyuma chakavu, chupa za plastiki, maboksi makavu.
3. Zinazobaki: pampasi, vifungashio laini, nguo kuukuu, vigae.
4. Za hatari: betri, chupa za viuatilifu, sindano, vifaa vya zahanati.

Fungu la kwanza karibu kila mahali Tanzania ndilo zito kuliko yote. Hapo ndipo mtakapookoa fedha.

Fungu la nne lisiingie kwenye ubia huu. Zahanati na vituo vya afya vina utaratibu wake wa kuteketeza taka, na mzoaji wa kijiji asiguse sindano hata kwa kuombwa kirafiki. Chupa za viuatilifu muulizeni afisa kilimo. Zioshwe mara tatu, maji ya kuoshea yamwagwe ndani ya bomba la kupulizia na kupuliziwa shambani, kisha zitobolewe asije mtu akazitumia kuwekea mafuta ya kula. Hilo la mafuta ya kula halitokei kwa nadra kama tunavyojifariji.

HATUA YA 2: ZINAZOOZA ZISIPANDE GARI

Kulipia usafiri wa kitu ambacho ni mbolea, katika wilaya ya wakulima, ni kutupa hela. Kila kilo inayobaki shambani au kwenye shimo la mboji ni kilo ambayo hamtaikodia chombo.

Kaya yenye shamba na shimo la taka nyuma ya nyumba msiitoze ada ya kuzolewa. Najua wapo watakaosema kila mtu alipe ili fungu litune. Lakini mtu asiyepata huduma akidaiwa atawafundisha na majirani kukataa, na haki itakuwa yake. Ubia wa Maguu uanze na gulio, kituo cha magari, safu ya maduka, mama lishe, vilabu, nyumba za wageni na kaya zilizobanana kuzunguka hapo.

Maganda ya kahawa yanahitaji mkono wake. Palipo na mashine ya kumenya kahawa mbivu, hasa ya kikundi, kwa wiki chache za mavuno hutoka rundo ambalo likiachwa linachacha, linavuta nzi na kutiririsha maji machungu. Fanyeni hivi:

1. Chagueni mahali tambarare, mbali na kijito, chimbeni mtaro kuzunguka ili maji ya mvua yasipite ndani ya rundo.
2. Wekeni tabaka la majani makavu au mabua yaliyokatwakatwa, kisha maganda, kisha samadi kidogo. Rudieni hadi rundo lifike kifuani.
3. Funikeni kwa majani ya migomba.
4. Geuzeni kila baada ya wiki mbili. Likikauka nyunyizeni maji. Likinuka vibaya ongezeni makavu.
5. Likishapoa, likawa jeusi na kunukia udongo wa msituni, ni mboji. Hesabu miezi mitatu hadi minne. Kwenye baridi ya milimani inaweza kuzidi.

Maji ya kuoshea kahawa yasiende kijitoni. Yaingie shimoni, yazame taratibu.

Mboji hii inaweza kuuzwa, lakini msiiweke kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza. Wakulima wataiamini wakishaiona kwenye shamba la jirani.

HATUA YA 3: MAHALI PA KUISHIA

Mkishatoa zinazooza na zinazouzika, kinachobaki ni kidogo, nacho kinahitaji shimo halali. Tembeeni eneo mnalolifikiria pamoja na afisa afya wa kata, mtu wa jumuiya ya watumia maji, na wazee wawili watatu wanaojua maji yanapita wapi masika.

Eneo likataeni ikiwa:

☐ liko korongoni au kwenye njia ya maji ya mvua;
☐ liko juu ya chanzo cha maji ya mserereko, hata kama chanzo hicho ni cha kijiji kingine;
☐ liko ndani ya mita 60 kutoka mto au ziwa, maana sheria ya mwaka 2004 inalinda ukanda huo;
☐ ukichimba kina cha mtu mmoja unakuta maji au unyevu mwingi;
☐ ardhi ina mgogoro, au mwenyewe "ameruhusu" kwa mdomo tu;
☐ upepo wa kawaida unapeleka harufu shuleni au zahanati.

Likipita, peleka suala mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandikwe na kusainiwa. Kisha muulize afisa mazingira wa wilaya kama eneo hilo linadai tathmini ya athari kwa mazingira. Ulizeni kabla ya kuchimba.

Onyo: msichome plastiki shimoni ili kupunguza ujazo. Moshi wake ni sumu, na moshi wa dampo ndio uliowapeleka watu wa Tabata mahakamani. Fukieni kwa udongo kila baada ya kumwaga.

HATUA YA 4: SHERIA NDOGO NA MKUTANO MKUU

Halmashauri ya kijiji kilichosajiliwa ni chombo chenye nafsi ya kisheria. Kinaweza kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji inaweza pia kutunga sheria ndogo. Njia yake ni hii:

1. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu: nani analipa, kiasi gani, taka zitengwe vipi, faini ni kiasi gani.
2. Rasimu inasomwa na kujadiliwa kwenye mkutano mkuu, ambao ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi.
3. Rasimu na muhtasari vinapita kwa mtendaji wa kata kwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa.
4. Ikirudi imeidhinishwa, inabandikwa ofisini na kutangazwa.

Kabla ya namba 4 hapo juu kukamilika, faini ni batili. Vijiji vingi hukimbilia kutoza siku ya pili baada ya mkutano, akatokea mmoja anayejua sheria, na kazi nzima ikapoteza heshima.

Angalieni kwanza kama halmashauri ya wilaya tayari ina sheria ndogo ya usafi na ada zake. Mwananchi asidaiwe mara mbili kwa taka ileile.

HATUA YA 5: HESABU

Hapa pakalieni muda mrefu. Tarakimu zifuatazo ni za kujifunzia, wekeni zenu.

KISANDUKU: MFANO WA MWEZI MMOJA

Ada inayotarajiwa
Maduka na magenge 40 × sh. 2,000 = 80,000
Mama lishe na vilabu 10 × sh. 4,000 = 40,000
Nyumba za wageni 3 × sh. 10,000 = 30,000
Kaya za kituoni 50 × sh. 1,000 = 50,000
Jumla: sh. 200,000

Watakaolipa kweli mwanzoni, tuseme asilimia 60: sh. 120,000

Matumizi
Wazoaji 2 × siku 8 × sh. 5,000 = 80,000
Kukodi guta la injini mara 8 × sh. 5,000 = 40,000
Akiba ya glovu, mabuti na sabuni = 15,000
Vitabu vya risiti na vocha = 5,000
Jumla: sh. 140,000

Pengo: sh. 20,000

Pengo hilo ndilo linaloua vikundi. Wanaanza kwa ari, mwezi wa tatu mzoaji hajalipwa, mwezi wa nne salfeti zimerundikana kituoni. Lizibeni kabla ya kusaini. Njia ziko tatu, nami naziorodhesha kwa namna ninavyoziamini.

Ya kwanza ni ushuru wa gulio. Halmashauri ya wilaya ikikusanya ushuru kwa wachuuzi, sehemu ya fedha hizo inapaswa kurudi kusafisha hapohapo. Diwani wenu alipeleke hili kwenye bajeti kwa maandishi, akiwa na karatasi zenu za mizani. Diwani mwenye namba mkononi husikilizwa tofauti na diwani mwenye malalamiko.

Ya pili ni kupunguza safari. Kiangazi huenda siku ya gulio pekee ikatosha katika baadhi ya wiki.

Ya tatu ni kuwaruhusu wanaopenda walipe ada ya mwaka kwa mkupuo, baada ya malipo ya kahawa. Chama cha msingi kinaweza kusaidia kupokea, lakini kisikate hela ya mkulima bila saini yake. Wakulima wa kahawa wa Mbinga wameona makato ya kutosha.

Mkopo wa halmashauri? Upo: asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ni fedha nzuri, lakini hurejeshwa. Ushauri wangu ni kukodi guta kwa miezi sita ya mwanzo. Makusanyo yakitulia, ndipo mkaombe mkopo wa kununua.

HATUA YA 6: MSHIRIKA NA MKATABA

Watafutaji wa kazi hii watakuja wa aina tatu. Kikundi cha vijana au kina mama kinajua kila mlango na hakihitaji faida kubwa, ila mara nyingi hakina chombo wala mtunza hesabu. Mtu binafsi mwenye guta ana chombo, na siku akipata mzigo wa mahindi unaolipa zaidi atawaacha. Kampuni ya mjini ina karatasi zote, lakini kwa kiasi cha taka za Maguu haitakuja, au itakuja na bei ya mjini. Kwa mji mdogo nachagua kikundi kinachomkodi mwenye guta kwa makubaliano ya maandishi.

Kikundi kisajiliwe kupitia afisa maendeleo ya jamii na kifungue akaunti ya benki. Ikiwa anayetoa kazi ni halmashauri ya wilaya, manunuzi yake hupita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, kwa hiyo kikundi kiombe msaada wa kujisajili humo mapema. Sheria ya manunuzi ya umma inatenga sehemu ya zabuni kwa makundi maalumu. Ile Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ya mwaka 2010, pamoja na marekebisho yake, itawahusu siku wilaya itakapotaka mwekezaji wa kujenga dampo la kisasa. Kwa mikokoteni na salfeti msijitishe nayo.

KISANDUKU: MKATABA USIKOSE HAYA

☐ Mipaka ya eneo, kwa majina ya mitaa na alama zinazojulikana
☐ Siku na saa za kuzoa
☐ Mahali pa kumwaga, na adhabu ya kumwaga kwingine
☐ Nani anakusanya ada, anatoa risiti gani, fedha inaingia akaunti ipi
☐ Serikali ya kijiji itafanya nini kwa asiyelipa, ndani ya siku ngapi
☐ Vifaa vya kujikinga na chanjo ya pepopunda kwa wazoaji
☐ Marufuku ya kutumia watoto
☐ Nani anabaki na mapato ya chupa na vyuma chakavu
☐ Taarifa ya mapato na matumizi kusomwa kila mkutano mkuu, yaani kila miezi mitatu
☐ Muda wa majaribio wa miezi sita, kisha mwaka mmoja mmoja
☐ Namna ya kuonyana na kuvunja mkataba

Kipengele cha asiyelipa msikiruke. Mzoaji hana mamlaka ya kumbana mtu. Akijaribu ni ugomvi. Kijiji kisipofanya sehemu yake, kikundi kitabaki kuwazolea wasiolipa bure pamoja na wanaolipa, maana taka zikishachanganyika kituoni hazina jina.

HATUA YA 7: KUKUSANYA ADA

1. Andikeni daftari la wateja wote kabla ya siku ya kwanza ya kuzoa.
2. Zoeni wiki mbili bure. Watu waone kwanza.
3. Mkusanyaji ada asiwe mzoaji. Wakusanyaji wawe wawili, mmoja akiwa mwanamke. Mama lishe wengi watamsikiliza zaidi.
4. Kila shilingi na risiti yake. Malipo yanayokwenda halmashauri ya wilaya yawe kwa namba ya malipo au risiti ya mashine.
5. Bandikeni ofisi ya kijiji jumla ya makusanyo na matumizi kila mwezi. Majina ya wanaodaiwa msiyabandike, wapelekewe barua.

Msigawe mifuko ya plastiki ya kubebea kama chombo cha taka. Imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Salfeti zinatosha, na huoshwa.

KWA WALIO MWAMBAONI

Mbamba Bay, Liuli, Lituhi na vijiji vya wavuvi mambo yanabadilika kidogo. Mshirika wenu wa asili ni kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, ambacho tayari kinajua kila mtumbwi. Ongezeni fungu la tano kwenye mizani: nyavu na kamba chakavu. Ziwekeeni kizimba chake mwaloni, maana wavu uliotupwa ziwani unaendelea kuvua bila mwenyewe. Mabaki ya dagaa yanaoza haraka na kuvuta mbwa. Yachanganywe kwenye mboji siku hiyohiyo au yauzwe kwa wafugaji wa kuku. Salfeti zifungwe mdomo na kuwekwa nyuma ya ukuta, kwani upepo wa mwera ukivuma hausubiri guta. Ule ukanda wa mita 60 wa Hatua ya 3 hapa ni jambo la kila siku: mchanga ulio wazi na mtupu huonekana kama mahali rahisi pa kufukia. Ziwa likijaa, linafukua.

MZOAJI AKISHINDWA

Itatokea guta kuharibika, mvua kukata barabara, au kikundi kugombana. Siku mbili za kukosa huduma si sababu ya kuvunja mkataba, lakini ziandikwe. Fuateni mpangilio huu:

1. Mtendaji wa kijiji aandike barua ya kwanza ndani ya siku tatu, ikieleza siku na eneo lililorukwa.
2. Pande zote mbili zikutane ndani ya wiki, zikague daftari la ada pamoja. Mara nyingi tatizo liko humo: kijiji hakijawafuata wasiolipa.
3. Kosa likijirudia, barua ya pili itoe siku 14.
4. Zikipita, halmashauri ya kijiji iazimie kuvunja mkataba, muhtasari upelekwe kwa mtendaji wa kata, na ada iliyokwishalipwa kwa siku zijazo irudishwe au ihamishiwe kwa mzoaji mpya.
5. Katika kipindi cha mpito, wenye maduka wabaki na taka kavu zao ndani ya salfeti, na zinazooza ziende moja kwa moja kwenye mboji. Ule usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi utumike kusafisha gulio, ila msiutumie kuziba pengo la mzoaji zaidi ya mwezi mmoja. Wananchi wakishalipa ada hawatakubali kushika fagio mara ya pili.

Nakala moja ya mkataba ibaki ofisi ya kijiji, moja kwa kikundi, moja kwa mtendaji wa kata, na moja kwa afisa mazingira wa wilaya. Viongozi wa vijiji huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Mkataba ulio ndani ya mkoba wa mwenyekiti huondoka naye.